Sikio la Kushoto la Gunia

Marahaba, wajukuu zangu. Naitikia mapema kwa sababu najua shikamoo zenu zitakuja nusunusu, macho yakiwa kwenye simu.

Aliyenitia katika maneno haya ni Agnesi, binti wa mwanangu Paulo. Yuko Katesh, kwenye ghala la kampuni inayonunua mazao, na kazi yake ni kubandika lebo kwenye magunia. Lebo yenyewe ina kipicha cha vidoadoa. Simu ikikitazama inasema gunia limetoka kwa nani, limepita wapi, linakwenda kiwanda gani. Alinionyesha akidhani nitashangaa. Nikamwambia hiyo kazi naijua. Akacheka, akasema, bibi, wewe si ulikuwa unashona magunia tu. Nikasema ndiyo, nilishona, na kuna gunia moja lilinirudia kutoka hukohuko Katesh na uzi mweusi kwenye sikio, na mpaka leo sijui ule uzi ulikuwa unaniambia nini. Hapo akaacha kucheka. Akasema niwaelezeni nyote, yeye na wenzake wa ghalani.

Basi nawaeleza. Lakini uzi mweusi hamtauelewa bila kujua kwanza sikio la gunia ni nini.

Nilianza kwenye godauni la Dongobesh nikiwa na watoto wadogo. Shule niliishia darasa la nne, ukarani haukunihusu. Aliyenifundisha ni mzee Hamisi, mtunza ghala, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh. Baba yake alitoka Kondoa, mama yake Singida, na yeye mwenyewe alikijua Kiiraqw kuliko ninyi mnavyokijua leo. Alinipa shazia, ile sindano ndefu yenye ncha iliyopinda, akanionyesha. Gunia halishonwi kwa nguvu. Unaingiza shazia, unavuta uzi wa katani, unapumua, ndipo unakaza. Ukikaza mno, mdomo unakunjamana na uzi unakatika lori likianza kuruka mashimo. Ukilegeza, punje zinachungulia, halafu zinatoroka. Kila pembe unaacha nguo kidogo, unaizungushia uzi, unafunga kifundo. Hilo ndilo sikio. Gunia lina masikio mawili, na kuli akija kubeba hushika la kulia kwanza, kwa hiyo la kulia huchakaa na la kushoto hubaki safi. Tena anayejua kufungua gunia hukata mshono wa katikati tu, masikio anayaacha. Gunia tupu likirudi, linarudi na masikio yake. Kumbukeni hayo.

Gunia langu la kwanza kusafirishwa lilifunguka likiwa bado linapandishwa, likammwagikia Lohay, dereva wa lori, aliyekuwa amesimama chini anapiga soga. Alitoka humo mweupe kwa vumbi, akajipangusa kope, akamwuliza mzee Hamisi kwa upole sana kama huyu mama mpya ameajiriwa kushona au kulisha kuku. Tangu siku hiyo akaniita Mama Mwaga. Nina wajukuu, mvi zimejaa, na Lohay hajawahi kuniita jina lingine.

Mzee Hamisi hakunigombeza. Aliokota lile gunia tupu akanipa, akasema, "Binti, karatasi inabaki kwa karani. Gunia linakwenda peke yake. Likitoka mlango huu halina mtu wa kulisemea, ila wewe uliyelifunga."

Zao letu lilikuwa shayiri. Kampuni yetu ilinunua kwa wakulima wa huku juu. Kampuni ya pili ilikuwa na malori na ghala kubwa Katesh, ikikusanya ya kwetu ya milimani pamoja na ya Nangwa, ya Gehandu na ya tambarare yote ile. Ya tatu ilikuwa kiwanda chenyewe, mbali huko ambako hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika. Kila kampuni ilikuwa na namna yake. Kwetu gunia liliitwa kwa jina la mkulima: hili la Bura, hili la Emanueli Qamara, hili la Paskalina. Likifika Katesh, likaitwa kwa lori lililolileta. Likifika kiwandani, likaitwa kwa namba ya rundo. Ni kama mtoto anayepewa jina jipya kila nyumba anayolala. Siku akiugua, nani atajua aende kumwita mama yupi?

Na siku ya kuugua ikaja. Ukaja msimu ambao mvua ilikataa kuondoka. Shayiri imeiva, ukungu umelala mashambani kama ng'ombe aliyeshiba, jua hakuna. Kwetu mvua ikiyakuta mavuno, mahali pakavu ni pamoja tu: darini, juu ya moto wa jikoni. Mahindi yanakaa huko, moshi unayalinda, hakuna mdudu anayesogea. Bibi zetu walifanya hivyo, na sisi tulilelewa chini ya dari hizo tukikohoa. Basi watu wakapandisha shayiri darini.

Aliyeikausha vizuri kuliko wote ni Paskalina. Huyu alikuwa mjane, nyumba yake juu kabisa karibu na msitu, mpika pombe ambaye watu waliahirisha harusi kumsubiri apone mafua. Shamba lake lilikuwa penye baridi hivi kwamba mahindi yalichelewa mpaka yakasahau kuiva. Shayiri ndiyo iliyokubaliana na udongo ule, na ndiyo iliyomweka mjini, kama mnavyosema. Magunia yake yalishuka na punje zinang'aa kama shanga. Karani akachoma bambo, kile kichuma chenye mfereji, ubavuni, akachomoa punje, akazitia kwenye kipimo cha unyevu. Kavu, safi. Nikashona. Katesh wakapima, kavu. Kiwandani wakapima, kavu. Karatasi za kampuni tatu ambazo hazikuwahi kukubaliana hata juu ya jina la mtu, safari hiyo zilikubaliana.

Haukupita muda akaja bwana Anselmi, mtu wa kiwandani, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa matope yetu. Wakulima wakaitwa godauni. Alikunjua juu ya mizani kitambaa kibichi chenye punje alizochota mwenyewe pande zote mbili. Upande mmoja shayiri ya tambarare imetoa vimizizi vyeupe. Upande wa pili ya kwetu imelala vilevile, kama changarawe. Akasema kiwanda kimepoteza rundo zima, na wakubwa wake wanafikiria msimu ujao mbegu zigawiwe tambarare tu. Milimani zisipande.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Paskalina akapita katikati ya wanaume, akachukua punje moja kutoka kitambaani, akaitafuna.

"Hii imekufa," akasema.

"Ndiyo, mama. Ndiyo taabu yetu," bwana Anselmi akajibu. "Ulikaushia wapi?"

"Darini. Wewe na mvua hii ungekaushia wapi, mfukoni?"

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akamwuliza, "Kwani huko mnaifanyia nini hii shayiri?"

"Tunailoweka, tunaiotesha. Inakuwa kimea."

Mngeona uso wa Paskalina. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameotesha mtama wa pombe chini ya majani, anayejua kwa kunusa tu kimea kimefika au bado. Alikaa juu ya gunia lake mwenyewe.

"Kimea," akasema. "Baba, nani anaweka mbegu ya kimea juu ya moto? Hata mtoto wangu wa mwisho hawezi. Siku ile mnagawa mbegu, mlisema ni shayiri ya kiwanda. Mngesema ni ya kumea, ningeilaza kitandani kwangu nikalala chini mimi."

Bwana Anselmi alisimama na kile kitambaa mkononi. Alisema polepole kwamba na wao huko hawakujua kuna watu wanaokaushia darini, na hakuna aliyewahi kuwauliza wala wao kuuliza. Hakumlaumu mtu. Nampenda mpaka leo kwa hilo.

Wajukuu zangu, hapo ndipo nawaomba mtulie. Hakuna aliyedanganya katika ile kazi. Kipimo kilisema kweli, makarani waliandika kweli. Lakini sisi tulijua ilipokaushwa, hatukujua inakwenda kufanywa nini. Wao walijua inakwenda kufanywa nini, hawakujua ilipokaushwa. Kila mmoja alishika nusu ya habari, na barabara yote ile ikawa katikati.

Yakafanyika makubaliano. Magunia yaliyosalia kwenye nyumba na godauni yatenganishwe, ya juani na ya darini. Yale ya darini si mabaya, yanafaa unga wa uji na chakula cha mifugo, ila kiwandani yasifike. Yakifika kiwandani ya juani matupu, bwana Anselmi atasimama mbele ya wakubwa wake kuwaombea watu wa milimani mbegu. Yakichanganyika tena, basi. Kwa kina Bura si neno, wangepanda maharage. Kwa Paskalina ilikuwa ni kubaki na shamba au kulitazama tu.

Kutenganisha Dongobesh haikuwa kazi. Kazi ilikuwa Katesh, maana huko lori likishushwa, la Paskalina na la Bura na la mtu wa Gehandu yanapanda rundo moja. Wakubwa wetu wakasema wataandika barua. Barua ingepita kwa karani, ikalala, ikaamka.

Hapo ndipo Mwanaidi anaingia. Alikuwa mpokeaji wa magunia pale ghalani Katesh, mke wa muuza nguo, anasimama mlangoni kuanzia asubuhi akionyesha makuli wapi pa kuweka nini. Sikuwa nimemwona. Nilimjua kwa salamu alizoleta Lohay tu, na salamu za Lohay zilikuwa zinanenepa njiani. Aliniambia Mwanaidi ni mrefu hivi kwamba hana haja ya ngazi. Baadaye nilikuja kujua alimwambia Mwanaidi kwamba mimi ni kizee kisicho na meno kinachokaza uzi kwa ufizi.

Lakini siku ile Lohay alishuka kwenye lori bila mzaha. Alisema, "Mama Mwaga, leo nakupa neno kama nilivyopewa, sikuongeza. Mwanaidi anasema hivi: karatasi zinaishia kwa karani, kwangu linafika gunia tu. Dada wa Dongobesh aweke kitu kwenye gunia, mimi nitalitenga."

Nikakaa na mzee Hamisi tukawaza. Wino mvua inaufuta. Mkaa unapanguswa na bega la kuli. Nikakumbuka sikio la kushoto. Nyumbani kulikuwa na sweta jekundu la Paulo, limembana, na mdogo wake alilikataa kwa sababu lilikuwa na tundu. Nikalifumua. Uzi wa sufu nyekundu ulitosha kufunga masikio ya msimu mzima na ukabaki. Lohay akapeleka neno: la juani liko kama kawaida, la darini lina wekundu sikio la kushoto. Na Mwanaidi akarudisha neno lake: magunia matupu yakirudi, akiweka uzi wa kijani maana yake limefika na limeeleweka. Mzee Hamisi alitaka tungoje mpaka majibu hayo yafike ndipo nifunge hata gunia moja. Nilimwona anachelewesha. Akasema, "Alama ya mtu mmoja ni pambo. Ngoja iwe ya wawili."

Sasa nilipofika kwenye magunia ya Paskalina, akaweka mkono juu ya sikio.

"Vero, unanitia alama kama mbuzi wa mnadani? Wafike huko waseme huyu ndiye aliyeharibu?"

Nikamwuliza, "Ng'ombe wako mwekundu yuko wapi?"

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia mjini. Sisi hatukai na ng'ombe wetu wote zizini. Unamweka mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule, wao wanakamua na kutumia samadi, na ugonjwa ukipita hauwamalizi wote. Unaweza kuingia kwa mtu ukaona zizi limejaa na yeye hana hata mkia humo.

"Yuko kwa Bura," Paskalina akajibu. "Unajua. Unaniuliza nini?"

"Akizaa huko, ndama ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Kwa nini asiwe wa Bura? Analala kwake, anakula majani yake."

"Kwa sababu watu wanajua."

"Basi Katesh hakuna watu wanaojua," nikamwambia. "Huu uzi ndio majirani zako huko."

Alitazama ule uzi mwekundu, akautazama mlima, akautazama tena uzi. Akaondoa mkono.

"Kaza basi," akasema. "Usije ukamwaga."

Lori likaondoka. Siku zile nilikuwa nashona huku sikio langu mwenyewe liko barabarani. Lohay aliporudi, alirusha furushi la magunia matupu chini, akajifanya anakagua tairi. Nikafungua furushi. Sikio la kushoto, uzi wa kijani. La pili, kijani. Nikalichukua moja nikapanda nalo mlima mpaka kwa Paskalina. Alikuwa anachochea chungu. Akaushika uzi kwa vidole vya masizi, akauliza, ndiyo nini hii? Nikamwambia, ni Katesh inakuitikia. Akauviringisha vidoleni mpaka chungu kikafurika.

Na mbegu zilipanda mlima, wajukuu zangu. Bwana Anselmi alizileta mwenyewe, safari hii na mabuti. Watu wakajenga vichanja chini ya paa mbali na moto, na turubai zikawa nyingi juani kuliko majani. Wanawake wakawa hawashushi gunia godauni kabla ya kuloweka kiganja kimoja cha shayiri waone imeota. Hilo aliwafundisha Paskalina. Alikuwa anapita nyumba hata nyumba akikagua vitambaa, mkali kuliko karani.

Mimi na Mwanaidi tukaendelea na uzi kwa miaka mingi, mpaka masweta matatu yakaisha. Tukaongeza njano kwa shayiri iliyonyeshewa ikiwa bado shambani. Tukaongeza kifundo mara mbili kwa mbegu ya aina mpya, maana aina mbili zikichanganyika moja inaota leo, nyingine inasubiri, na kimea kinaharibika. Lakini hakuna alama iliyofungwa kabla Lohay hajaenda na neno na kurudi na jibu. Wakubwa walijua wakatuacha. Na kati ya alama za kazi zikaingia zetu. Siku ya Idi nilikuta tende zimefungwa kwenye kipande cha kanga katikati ya furushi. Krismasi nikamtumia shada la vitunguu saumu, ghala lote likanuka, karani wao akalalamika kwamba Dongobesh inamtafuta ubaya. Mwanaidi alipojifungua binti, alifunga kijani masikio yote mawili. Hiyo hatukuwa tumepanga, lakini Lohay alikuwepo kueleza, na alieleza kwa kucheza.

Mtauliza kwa nini sikupanda gari nikaenda kumwona. Nanyi mna haki. Msimu wa mavuno hatukuwa na nafasi, mimi hapa na yeye kule, na msimu ukiisha kuna kulima, kuna watoto, kuna wagonjwa. Asubuhi ya anga safi mlima Hanang unaonekana toka kwetu juu, umekaa peke yake, na mimi nilijua Mwanaidi anafungua mlango wa ghala chini yake. Nikawa naona kama tumeonana. Mtu akiwa anakuitikia kila wiki, huwezi kudhani yuko mbali.

Halafu ukaja ule uzi mweusi. Lohay alikuwa ameshaacha lori, mgongo umemshinda, dereva mpya alikuwa kijana asiyeshuka hata kwenye kiti. Furushi likashushwa. Nikatafuta masikio. Magunia yote kijani, ila moja. Kwenye lile moja, kijani kimezungushiwa uzi mweusi, umefungwa vizuri, umekazwa kwa pumzi, kazi ya mtu asiye na haraka. Nilimwuliza yule dereva kuna salamu? Akasema yeye anabeba mizigo.

Nikampelekea mzee Hamisi nyumbani, alikuwa amestaafu. Macho hayaoni sawasawa tena. Aliuzungusha ule uzi kidoleni muda mrefu.

"Mweusi mlikubaliana?" akauliza.

"Hatukukubaliana, mzee."

"Basi sijui, mwanangu. Na wewe hujui. Yeye peke yake ndiye anajua."

Nilifunga uzi mweusi kwenye gunia lililofuata, kumwuliza. Furushi lilirudi bila uzi wowote. Msimu uliofuata ile kampuni ya malori ilikuwa haipo, magunia yakaja ya plastiki, yanashonwa kwa mashine, mdomo umenyooka kama mstari wa daftari. Mashine ile ni nzuri, inashona upesi, haichoki mikono. Haina masikio.

Ndipo nikapanda gari. Nilifika Katesh, nikaulizia ghala, nikaonyeshwa duka la saruji. Mlinzi akasema Mwanaidi alifiwa na mume akarudi kwao Kondoa. Mama muuza chai hapo jirani akasema si kweli, mume alikuwa hai, walihamia Singida pamoja. Mzee mmoja wa msikitini, mstaarabu kabisa, akasema Mwanaidi yupo, ila alipokuwa anakaa wamevunja, na hajui alikohamia. Watu watatu, habari tatu, na kila mmoja ameniapia. Nikasimama pale mbele ya saruji nikatazama mlango. Ulikuwa mlango wa kawaida, si mrefu. Nikakumbuka maneno ya Lohay kuhusu ngazi, nikacheka peke yangu, mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Paskalina alishafariki, Mungu ampumzishe. Mzee Hamisi pia. Shayiri huku imepungua, watu wamegeukia vitunguu saumu. Ninachotamani si ile kazi, maana mikono yangu mpaka leo haifungi ngumi. Natamani lile furushi likishushwa. Natamani kuinama nikitafuta sikio, nikijua kwamba mtu ambaye hajawahi kuniona ameelewa nilichosema.

Agnesi aliponieleza hizo lebo, nilimwuliza kama zinasema zao limekaushwa wapi. Akasema zinasema, na kwamba kampuni zote, ya kununua, ya kusafirisha na ya kiwanda, lazima zikubaliane kwanza neno moja, la sivyo simu inakataa. Hapo niliipenda hiyo simu. Kumbe mzee Hamisi wamemwingiza ndani yake. Nikamwuliza tena, na mkulima, anajua linakwenda kufanywa nini? Na likifika, anaitikiwa? Alifikiri. Akasema, bibi, hilo nitawauliza. Waulize, Agnesi. Nanyi wenzake, waulizeni. Habari inayokwenda tu bila kurudi ni kilio cha mtu aliyeko bondeni, asiye na wa kumwitikia.

Basi nimewaeleza uzi mweusi ninavyoujua, na sijui zaidi. Huenda ulikuwa msiba. Huenda ulikuwa kwaheri. Huenda kijani kilimwishia tu akachanganya na alichokuwa nacho kwenye kapu la mumewe.

Kila mavuno namtumia Agnesi gunia la maharage huko Katesh. Nalitafuta la katani, nalishona mwenyewe kwa shazia ileile, polepole, na sikio la kushoto naweka uzi mwekundu. Agnesi analalamika kwamba stendi kuna vumbi na makuli wanamsumbua. Namwambia asiwe na haraka ya kulibeba. Aliweke chini kwanza, sikio litazame njia, watu wapite.

Gunia likirudi tupu, wa nyumbani wanataka kulikung'uta. Nawaambia ngojeni kidogo, nileteeni hapa kwenye mwanga.